Lee-Enfield No. 4: mti wa jeshi, mti mpya, wa tabaka au plastiki?

Kenya wengi huiita Mark Four. Kwenye makaratasi ya jeshi la Uingereza ni Rifle No. 4, ya risasi ya .303, ukoo uleule wa Lee-Enfield uliobebwa na askari wa Keya. Zilitengenezwa kwa mamilioni Uingereza, Kanada na Marekani, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia kwa bei ya kutupa. Wawindaji wa Amerika ya Kaskazini walizikata mti, yaani mwili wa mbao unaobeba chuma, upande wa mbele ili zipungue uzito. Ndiyo maana leo mwenye bunduki hii, awe mkusanyaji au mlenga shabaha mwenye kibali chake, mara nyingi ana chuma kizima kilicholala kwenye mti uliokatwa, uliopasuka au uliolowa mafuta kwa miaka 80.

Swali la kwanza huwa ni la sura: mjozi (walnut) au plastiki? Tunashauri uliache hadi mwisho. Kwenye bunduki nyingi mti ni mpini tu. Kwenye No. 4 mti ni sehemu ya mtambo, na usipolala vizuri, yaani usipokaa barabara kwenye chuma, bunduki haipigi mahali pamoja hata ukiuvalisha mti wa kifahari kiasi gani.

Mahali mti unapofanya kazi

Mti wa No. 4 una vipande vinne: kitako, mti wa mbele unaobeba mtutu kwa chini, na vifuniko viwili vya juu ya mtutu. Kitako kinaingia kwenye soketi ya chuma na kukazwa kwa bolti moja ndefu inayopita ndani yake. Mti wa mbele ndio wenye matatizo.

Ndani yake, upande wa nyuma, kuna nyuso mbili ndogo tunazoziita mabega. Hizo ndizo zinazopokea teke la kila risasi. Mabega yote mawili lazima yaguse chuma kwa pamoja na kwa usawa. Likigusa moja tu, risasi zinahamia upande mmoja, na siku moja utaona ufa umeanzia hapohapo ukielekea nyuma.

Mahali pa pili ni skurubu kuu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio. Inapita ndani ya kola ya chuma iliyozama kwenye mti. Mti unatakiwa uizidi kola kwa unene mdogo mno, ili skurubu ikikazwa ibane mti kwanza ndipo ifike kwenye kola. Mti ukikauka na kusinyaa mambo yanageuka: skurubu inabana kola, mkono unasikia imekaza kabisa, kumbe mti unacheza. Kosa hili limewapotezea watu risasi nyingi, kwa sababu ukiangalia kwa nje huoni chochote.

Mahali pa tatu ni kwenye ncha. Mti unausukuma mtutu juu karibu na mdomo wake kwa nguvu ya pauni 2 hadi 7, yaani kama kilo 0.9 hadi 3.2. Kati ya hapo na sehemu nene ya mtutu kule nyuma, mtutu haugusi kitu. Msukumo huo ukikosekana, mtutu mwembamba wa kijeshi unacheza ovyo na matundu yanajipanga juu na chini kwenye shabaha.

Kuna la nne kwa matoleo ya awali ya No. 4, yaani Mk I na Mk I* (Mk ni Mark, toleo). Kifyatulio chake kimening'inia kwenye kikingio, na kikingio kimefungwa chini ya mti. Mti ukivimba kwa unyevu au ukisinyaa kwa ukavu, mvuto wa kifyatulio nao unabadilika. Kipimo cha jeshi ni mvuto wa hatua mbili: wa kwanza pauni 3 hadi 4, wa pili pauni 5 hadi 6.5. Waingereza waliliondoa tatizo hili kwenye Mk 2 kwa kukifunga kifyatulio kwenye chuma chenyewe.

Ijue bunduki kabla ya kufungua pochi

Soma maandishi upande wa kushoto wa mwili wa chuma. Mk I na Mk I* hutumia mti wenye bamba dogo la chuma lililofunga sehemu ya nyuma isipasuke. Mk 2, pamoja na zile zilizogeuzwa baadaye na kupewa majina Mk 1/2 na Mk 1/3, hutumia mti uliochongwa nafasi ya kifyatulio kwa nyuma na kushikwa na bolti ya kukata upande hadi upande. Mti wa Mk I hauingii kwenye Mk 2 mpaka ukatwe. Muuzaji akikuambia "ni wa No. 4, utaingia tu", muombe picha ya sehemu ya nyuma, kwa ndani.

Mti wa No. 1 Mk III, bunduki ya Vita vya Kwanza, ni kitu kingine kabisa. Wa No. 5, ile fupi ya msituni iliyotengenezwa kuanzia 1944 hadi 1947, nao ni mfupi zaidi na haurefushwi ukawa wa No. 4.

Kitako kina urefu wa aina nne, na herufi imegongwa juu yake karibu na bamba la chuma: N ni wa kawaida, L umezidi nusu inchi, S umepungua nusu inchi, B umepungua inchi nzima. Wengi huchukua kinachopatikana. Mtu mfupi mwenye kitako cha L hulazimika kunyoosha shingo ili aone shabaha, kisha anailaumu bunduki. Kitako cha S kwa mtu wa kimo cha kati aliyevaa koti zito ni chaguo zuri kuliko kinavyodhaniwa.

Jambo moja zaidi kabla ya kununua: mpe fundi bunduki apime nafasi ya nyuma ya risasi kwa geji. Kwa .303 ya ukoo huu, komeo halitakiwi kufunga juu ya geji ya inchi 0.074. Likifunga, au mtutu ukiwa umeliwa na kutu ndani, pesa ya mti ni pesa iliyotupwa.

Chaguo zenyewe

| | Kazi ya kulaza | Kwenye unyevu | Thamani ya bunduki | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Mti wa jeshi | ndogo hadi ya kati | wastani | hupanda | mabega yaliyolika, mafuta yaliyozama |
| Kuunga mti uliokatwa | ya kati, ya uangalifu | wastani | hubaki au hupanda | kiungo kupinda |
| Mti mpya wa kuiga | kubwa | hutegemea ukavu wa mbao | wastani | vipimo visivyo sahihi |
| Mbao za tabaka | kubwa | nzuri | haipandi | uzito |
| Plastiki | ya kati | nzuri sana | hushuka ukitupa mti wa asili | kunepa, gundi kutoshika |

*Mti wa jeshi uliotumika au uliokaa ghalani.* Kwa mtu anayeirudisha bunduki ilivyokuwa, hili ndilo chaguo letu bila kusita. Ulichongwa kwa vipimo vya kiwanda, na mbao zake zimeshatulia. Utakutana na mjozi, na pia mbao za biichi (beech) na bachi (birch). Biichi haina urembo wa mjozi lakini ni ngumu na inavumilia, usiikatae kwa rangi yake. Mti ambao haujawahi kufungwa kwenye bunduki bado unahitaji kulazwa, kwani viwandani kila mti ulimaliziwa kwa bunduki yake. Uliotumika ulilazwa kwa bunduki nyingine, kwa hiyo mabega yake huenda yakaguse hapa na yasiguse pale.

Ukikagua picha, tazama mambo matatu: mistari ya mbao kwenye shingo ya kitako ikimbie kwa urefu, isikate kwa mshazari, mabega yawe na kona kali, si za duara, na sehemu ya nyuma isiwe nyeusi na laini kama sabuni. Weusi huo ni mafuta ya bunduki. Huyeyusha uimara wa mbao taratibu, na gundi haishiki juu yake.

*Kuunga ule uliokatwa.* Wauzaji hawalitaji, kwa sababu hawauzi chochote. Wawindaji wengi walikata mti karibu na pete ya kati, na pete hiyo ni pana ya kutosha kuficha kiungo. Unatafuta kipande cha mbele kutoka kwenye mti mwingine uliopasuka nyuma, unavikata vyote viwili kwa pembe moja chini ya pete, na kuunganisha kwa gundi ya epoksi na kigingi cha mbao ngumu ndani. Kinachoharibu kazi hii ni kuunga mezani kwa macho. Tumia mtutu wenyewe kama rula: ufunike kwa nailoni nyembamba, laza vipande vyote viwili juu yake, funga kwa kamba za mpira, acha saa 24. Kiungo kikipinda hata kidogo, ncha itausukuma mtutu kando badala ya juu.

Ukifanikiwa, sehemu ya nyuma inabaki ile iliyolazwa kiwandani, mabega na kola havijaguswa. Kwa nguvu hiyo kiungo kizuri kinashinda mti mpya wa bei kubwa. Utahitaji bado vifuniko viwili vya juu, pete zake na skurubu, na hivyo vidogo vikinunuliwa kimoja kimoja hugharimu kuliko unavyotarajia. Nunua seti nzima ukiipata.

*Mti mpya wa kuiga.* Picha zake huvutia, mjozi unang'aa. Tatizo ni vipimo na ukavu. Mashine hunakili mti wa mfano, na mfano ukiwa umelika, nakala inazaliwa imelika. Wema wa mti mpya ni pale mtengenezaji anapoacha mbao ya ziada kwenye mabega na kwenye mfereji wa mtutu, ili wewe uondoe. Mbao ikizidi inapunguzwa. Ikipungua unatia kiraka kwenye kitu ulichonunua jana. Muulize muuzaji swali hilohilo: mabega yameachwa na ziada au yamemalizwa? Kisha, ukiupokea, uache wiki tatu au nne ndani ya nyumba utakakouweka kabla ya kugusa patasi. Mbao mbichi ukiilaza leo, mwezi ujao kola itakuwa imeizidi.

*Mbao za tabaka.* Wajerumani walizitumia kwenye Mauser 98k tangu kabla ya Vita vya Pili, na si kwa umaskini tu: tabaka nyembamba zilizogandishwa zikipishana hazipindi ovyo. Kwa anayeishi palipo na mvua na joto vikipokezana ni mbao tulivu kuliko zote. Ni nzito pia, na gundi yake hula makali ya patasi, kwa hiyo uwe na jiwe la kunolea mkononi. Nyingi huuzwa kwa umbo la kuwindia, si la kijeshi. Kila sehemu uliyochonga ipakwe mafuta au vanishi mara moja, hasa kwenye ncha za tabaka, maana maji huingia hapo kama kwenye plaiwudi yoyote.

*Plastiki.* Ina mahali pake: bunduki ambayo imeshakatwa, haina vifuniko wala pete, namba za vipande hazilingani, na mwenyewe anataka kuwinda kwenye mvua. Kwa bunduki ya namna hiyo tunaipitisha. Kwa No. 4 nzima yenye mti wake hatuipitishi, na kama mtu ameamua, auweke ule mti wa asili kabatini pamoja na skurubu zote, asiuze.

Shida yake ya kiufundi ni msukumo wa ncha. Plastiki nyingi huuacha mtutu ukielea. Mitutu mizito ya kisasa hupenda hivyo; huu mwembamba wa jeshi mara nyingi haupendi. Baadhi hunepa pia: ukivuta mkanda au ukiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, plastiki inagusa mtutu upande mmoja, na shabaha uliyoipata juzi huipati leo. Ukitaka kujaza epoksi kwenye mabega, kwaruza kwa msasa namba 80 na toboa vitundu vidogo visivyopenya, epoksi ishike kwa meno, kwa sababu kwenye plastiki laini hubanduka yote kama ganda.

Kuuvua na kuulaza

Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo na magazini. Legeza pete kuanzia mbele, kisha skurubu za kikingio. Mti wa mbele utoke ukishuka sambamba, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukiushika ncha na kuupinda chini, mabega yanavunjika kwa ndani, na hilo limewatokea waliokuja kuuondoa mti mzima tu ili wausafishe.

Kwa No. 1 Mk III kuna mtego mwingine: bolti ndefu ya kitako ina ncha ya mraba inayoingia kwenye bamba ndani ya mti wa mbele. Ukiizungusha kabla ya kutoa mti wa mbele, unaupasua. No. 4 haina mtego huo. Kwa zote mbili, toa kwanza kizibo cha sufi kilichosindikwa kwenye tundu la kitako, ndipo utie bisibisi ndefu yenye bapa pana. Bisibisi ikiteleza na kupanda juu ya kichwa cha bolti, inafanya kazi ya kabari.

Kitako kiingie kwenye soketi kwa kubana. Kikicheza, usijaze karatasi wala mkanda wa kubandika. Gundisha ubao mwembamba kama ukucha kwenye mashavu yake, kisha chonga hadi kiingie kwa kugongwa na ngumi.

Sasa mabega. Paka chuma masizi ya taa ya chemni, pachika mti, gonga kidogo, utoe. Penye weusi pamegusa. Kwangua hapo tu, kwa patasi kali, unyoya kwa unyoya, urudie hata mara 20. Unatafuta weusi ulioenea sawa kwenye mabega yote mawili. Mwisho wa nyuma wa mti usiguse soketi ya kitako; acha mwanya wa karatasi chache, teke lipokelewe na mabega peke yake.

Mabega yakiwa yamelika, usiyajaze epoksi tupu. Osha mafuta kwa asetoni mara kadhaa, au paka uji wa chaki ya unga na asetoni, uache ukauke unyonye. Kata sehemu mbovu iwe na kuta zilizonyooka, gundisha kipande kigumu cha biichi chenye mistari inayoelekea kama ya mti, kisha laza kwa masizi kama kawaida. Kiwanda cha Lithgow cha Australia kilipotumia mbao laini zaidi kwenye No. 1, kilitia vibamba vya shaba nyekundu mahali hapa, na cha Ishapore, India, kilipitisha skurubu ya kukata kwenye mti. Mabega yaliwasumbua hata wenye viwanda.

Pima kola kwa kunyoosha rula juu yake: rula ilalie mbao, si chuma. Mti ukiwa chini, usikate kola ovyo. Ipitishie tupa mara tatu nne, pima tena.

Mfereji wa mtutu unapimwa kwa noti. Ipitishe chini ya mtutu kutoka nyuma ya sehemu ya ncha; ikikwama katikati, hapo pana mguso, pakwangue. Kisha toa kifuniko cha mbele, funga mzani wa kuvuta, ule wa kupimia samaki, kwenye mtutu karibu na mdomo, vuta juu taratibu. Mtutu unapoachana na mti, soma mzani. Chini ya pauni 2, gundisha ubao mwembamba kwenye kitanda cha ncha. Ukizidi 7, kwangua.

Funga yote, hakikisha magazini haikwaruzi mti, na mvuto wa kifyatulio ni wa hatua mbili bado. Kwenye Mk I hatua ya kwanza ikipotea, mti umekisukuma kikingio. Rudi kwenye kola.

Mafuta ya kitani mabichi ndiyo ya jeshi. Paka kidogo, sugua kwa kiganja hadi mbao ipate joto, acha siku moja, rudia. Mfereji wa ndani usiusahau, unyevu hupita huko kuliko nje. Mbonyeo uondolewe kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Msasa unafuta mihuri ya kiwanda, na mihuri ndiyo nusu ya bei. Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe yakatupwa pipani: yanapata joto yenyewe na kuwaka. Yaloweshe maji au yatandaze nje yakauke.

Baada ya risasi 20 au 30 za kwanza, fungua tena utazame mabega. Mbao mpya hujibana, na skurubu kuu karibu kila mara huhitaji robo mzunguko mwingine. Ikiwa mti umeagizwa kutoka nje, uliza kwanza kama sheria ya nchi unayoishi inauhesabu kuwa sehemu ya silaha. Kuna nchi forodha huuachilia kama ubao wowote, na kuna nchi utaulizwa kibali chako mlangoni.